Sumu Katika Maji Maangavu

Desemba 1959, katika mji wa Minamata kusini mwa Japani, kampuni ya kemikali ya Chisso ilifanya sherehe ya kuzindua mtambo wake mpya wa kusafisha majitaka. Rais wa kampuni, Kiichi Yoshioka, alinyanyua glasi ya maji yaliyosemekana kutoka katika mtambo huo, akayanywa mbele ya wageni. Wakati huo wavuvi wa Minamata na familia zao walikuwa wamekwisha kuugua na kufa kwa miaka kadhaa kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliotambuliwa rasmi Mei 1956, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wameshainyooshea kidole zebaki ya kiwandani. Baadaye yalijulikana mambo mawili. La kwanza, maji yenye zebaki kutoka sehemu ya kiwanda iliyotengeneza asetaldehidi hayakuwa yakipitishwa katika mtambo ule. La pili, hata kama yangepitishwa, mtambo wenyewe haukuwa na uwezo wa kuiondoa zebaki iliyokuwa ikiua watu. Kiwanda kiliendelea kuimwaga hadi mwaka 1968.

Naanza na glasi ile kwa sababu iliwezekana kuinyanyua tu mahali ambapo watu huhukumu maji kwa kuyaangalia. Sote tuna mazoea hayo: maji yakiwa meusi tunayaogopa, yakiwa maangavu tunayaamini. Kwa maji ya kisima au ya mto uliochafuliwa na udongo, mazoea hayo yana maana yake. Kwa maji ya kiwanda hayana, maana zebaki, kromi, risasi, chumvi na kemikali nyingi za viwandani huyeyuka bila kuacha dalili ambayo jicho litaiona. Leo upo mtambo unaotoa maji maangavu kupita mitambo ya majitaka iliyoutangulia, nao ni bayoriakta ya utando. Ni chombo ninachokiheshimu, na ninaamini viwanda vyetu vya nguo, ngozi na dawa vitakihitaji. Lakini anayekinunua kwa ajili ya uangavu wa maji yake ananunua kitu sicho. Kazi yake kubwa ni kuwapa bakteria muda. Pale ambapo muda unatosha kuivunja sumu, hakuna chombo kinachokipita kwa urahisi. Pale ambapo sumu haivunjiki hata ungesubiri karne, utando utaipitisha ilivyo, au utaikusanya ndani ya tope, na maji yatatoka mazuri kutazama.

Ili kuona kwa nini muda ndio kiini cha mambo, turudi mwaka 1914. Wataalamu wawili wa kemia mjini Manchester, Uingereza, Edward Ardern na William Lockett, waligundua kwamba majitaka yakipulizwa hewa kwa muda mrefu hujitengenezea tope la kahawia lililojaa bakteria, na kwamba tope hilo lisipotupwa, likaachwa tangini kupokea majitaka mapya, kazi iliyochukua wiki kadhaa hufanyika kwa saa chache. Mpaka leo miji mingi mikubwa duniani husafisha majitaka yake hivyo: tangi moja lenye hewa ambamo bakteria hula uchafu, na tangi la pili lililotulia ambamo tope hushuka chini kwa uzito wake na maji hubaki juu. Udhaifu uko katika tangi hilo la pili. Bakteria walioshikamana katika mabonge mazito hushuka vizuri. Walio wadogo na wapweke, au waliovurugwa na sumu, huelea na kutoka pamoja na maji. Mwaka 1969 watafiti wa kampuni ya Dorr-Oliver ya Marekani walieleza njia ya kuliondoa tangi la pili na kuweka utando mahali pake, lakini tope lilipaswa kuzungushwa nje ya tangi kwa pampu zenye nguvu, na gharama ikawa kubwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1989, Kazuo Yamamoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliuzamisha utando ndani ya tope lenyewe na kuyavuta maji taratibu kwa pampu ya kunyonya. Ni hatua hiyo iliyoutoa mtambo huu maabara na kuufikisha mijini na viwandani.

Utando wenyewe ni plastiki. Aina moja ni nyuzi zenye uwazi katikati kama makaroni membamba, zilizofungwa kwa maelfu katika fremu. Nyingine ni bapa zilizosimama kama kurasa za daftari. Matundu yake yana upana kati ya sehemu 3 za mia na sehemu 4 za kumi za maikromita, wakati bakteria wengi wana upana unaokaribia maikromita 1. Maji yanapita, bakteria hawapiti. Katika mtambo wa zamani maji na bakteria walisafiri pamoja, na ujuzi wote wa mhandisi ulikuwa kujaribu kuwatenganisha mwishoni. Hapa wanatenganishwa na ukuta. Maji yanakuwa kama abiria wa stendi, wanaofika na kuondoka ndani ya saa kadhaa, na bakteria wanakuwa kama wamachinga wa stendi hiyo, wanaokaa na kuijua kila kona. Tope linaweza kubaki tangini siku 20, 30 au zaidi, na kila lita ikabeba gramu 8 hadi 12 za tope hilo badala ya gramu 2 hadi 4 za mtambo wa kawaida. Kwa hiyo eneo dogo hufanya kazi ya eneo kubwa, jambo ambalo wauzaji hulitangaza sana. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni lile wanalolitaja kwa kupita, yaani umri wa tope.

Bakteria hawalingani mwendo. Wale wa kawaida wa utumbo, katika hali nzuri, hugawanyika kila dakika 20. Wale wanaogeuza amonia kuwa nitrati huhitaji siku nzima au zaidi kuongezeka maradufu, na wengi wa wale wenye uwezo wa kuvunja kemikali ngumu za viwandani ni wa mwendo huo huo wa kobe. Kwenye mtambo wa tangi la kutulia, hawa wa polepole husombwa nje kabla hawajazaana vya kutosha. Utando huwashika. Wiki zinapita, sumu inaingizwa kidogo kidogo, na ndani ya tope linajengeka kundi la bakteria waliozoea chakula ambacho mwanzoni kingewaua. Lakini uzoefu huo si kinga kamili. Siku kiwanda kitakapomwaga pipa zima la dawa ya kuulia wadudu au ya kupaushia nguo, bakteria watakufa au kujihami kwa kutoa ute mzito. Katika mtambo wa zamani ajali hiyo ingeonekana kwa macho: tope lingeelea na maji yangechafuka. Katika mtambo wa utando maji yataendelea kutoka maangavu, huku ute ukiziba matundu na pampu ikilazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Mwendeshaji mzuri kwa hiyo haangalii maji. Anaangalia geji ya shinikizo, na anapima kilichomo ndani ya maji yanayotoka.

Rangi za nguo zinatoa mfano ulio wazi kuliko yote. Mwanamke anayenunua khanga dukani huuliza kwanza kama inachuja, kwa maana ya kufifia inapofuliwa na kuanikwa juani. Wakemia wametumia zaidi ya karne moja kutengeneza rangi zisizochuja, na wamefaulu. Sifa hiyo hiyo inayoipendezesha khanga ndiyo inayomshinda bakteria: kitu kilichoundwa kustahimili jua, sabuni na jasho hakiwezi kuwa chakula chepesi. Kundi kubwa kuliko yote la rangi za viwandani, lile la azo, limefungwa kwa kifundo cha atomu mbili za naitrojeni ambacho bakteria wanaoishi kwenye hewa hawakifungui kwa urahisi. Wanaokifungua ni bakteria wa tangi lisilo na hewa. Kifundo kikikatika, rangi hupotea na maji huwa meupe. Mtu asiyejua angesema kazi imekwisha. Kumbe vipande vinavyobaki ni amini za kunukia, na baadhi yake zinajulikana kusababisha saratani. Vipande hivyo huvunjwa katika hatua ya pili, kwenye tangi lenye hewa, na bakteria wale wa polepole wanaohitaji kuhifadhiwa. Mtambo uliopangwa sawasawa una tangi lisilo na hewa kwanza, kisha tangi la hewa lenye utando. Aliyejenga tangi la kwanza peke yake ameondoa rangi na kuacha hatari, na kwa kuondoa rangi amemnyima mkulima wa bondeni onyo pekee alilokuwa nalo.

Kisha kuna chumvi, ambayo haina kifundo cha kukata wala bakteria wa kuila. Pamba inapotiwa rangi za kisasa zinazoungana na uzi, dumu la rangi huhitaji gramu 40 hadi 100 za chumvi kwa kila lita ili rangi isogee kwenye kitambaa. Karibu yote hutoka na maji. Utando wa bayoriakta hauizuii hata kidogo, kwa kuwa chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mara nyingi kuliko tundu lake. Matokeo yake yalionekana Tiruppur, mji wa jimbo la Tamil Nadu, India, unaoshonea dunia fulana za pamba. Mji huo umekaa kando ya mto Noyyal, unaoingia katika mto Kaveri. Bwawa la Orathupalayam, lililokamilika mwaka 1992 ili kumwagilia mashamba ya chini, likageuka hodhi la majitaka ya viwanda vya rangi. Wakulima waliojengewa bwawa hilo wakaishia mahakamani kulilalamikia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda visimwage hata tone nje. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ikaunga mkono msimamo huo. Na Januari 2011, baada ya amri kupuuzwa kwa miaka, Mahakama Kuu ikafunga viwanda vyote vya kutia rangi na kupausha vya mji huo, zaidi ya 700, kwa mara moja.

Kilichofuata ni somo la uhandisi na la siasa pia. Serikali ya jimbo ilitoa mikopo isiyo na riba, na mitambo ya pamoja inayokaribia 20, kila mmoja ukihudumia kundi la viwanda, ikakarabatiwa. Utaratibu wake ni mlolongo: bakteria hula kinacholika, maji huchujwa, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia utando wa osmosisi kinyume ambao matundu yake ni madogo kiasi cha kuizuia chumvi. Maji safi, sehemu kubwa kabisa ya yote, hurudi kiwandani kutia rangi tena. Yanayobaki ni maji mazito ya chumvi. Sehemu yake hurudishwa kwenye madumu ya rangi, kwa kuwa chumvi ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa, na sehemu huchemshwa mpaka ibaki chumvi kavu. Katika mlolongo wa aina hii bayoriakta ya utando ina nafasi yake ya wazi: inayaandaa maji ili utando mwembamba wa mbele usizibwe na uchafu na ute. Yenyewe si mwisho wa safari. Tatizo la kisiasa lilikuwa tofauti. Mji mmoja ulipobanwa, sehemu ya kazi ya kutia rangi ilihamia miji ambayo haikubanwa, na mito ya huko ikapokea kilichozuiwa Noyyal.

Karibu nasi zaidi, Ethiopia ilichagua kuanza na mtambo kabla ya uchafuzi. Eneo la viwanda vya nguo la Hawassa, lililozinduliwa mwaka 2016, lilijengwa pamoja na mtambo wa kurudisha maji bila kumwaga nje, kazi iliyofanywa na kampuni ya Kihindi. Sababu inaonekana kwenye ramani: Ziwa Hawassa halina mto unaotoka. Chumvi inayoingia humo haina mto wa kuitoa. Ziwa Victoria lina mlango wake pale Jinja, lakini mlango huo ni mwembamba ukilinganishwa na ukubwa wa ziwa, na maji hukaa humo kwa miaka mingi sana. Anayesema ziwa ni kubwa, litameza, ajue kwamba Ghuba ya Minamata nayo iko wazi kwa bahari, na bahari haikuisaidia. Zebaki haikutawanyika ikapotea. Ilipanda kutoka tope hadi kijimea, kutoka kijimea hadi samaki mdogo, kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, ikijilimbikiza kila hatua, mpaka ikafika mezani.

Madini mazito ndiyo mahali ambapo ahadi za bayoriakta huzidi ukweli. Vitabu vya matangazo huonyesha kromi ikiingia nyingi na kutoka kidogo, na takwimu hizo zinaweza kuwa za kweli. Lakini kromi haikuliwa. Imenasa kwenye tope, na tope hilo sasa ni taka ya sumu inayohitaji kaburi lake. Katika kiwanda cha ngozi, ngozi hunyonya takriban theluthi mbili za kromi iliyowekwa. Inayobaki hutoka na maji. Kama maji hayo yatachanganywa na maji ya kuloweka, ya kuondolea manyoya, ya vyoo na ya kufagilia sakafu, utapata bahari ya uchafu dhaifu ambayo hakuna mtambo utakaoitibu kwa bei nafuu. Kama yatapitishwa kwenye bomba lake peke yake, kazi ni ya kemia rahisi: unaongeza alkali, kromi inashuka kama tope la kijani, unaiyeyusha kwa asidi ya salfa na kuirudisha kwenye pipa la kulainishia ngozi. Kiwanda kinaokoa kromi ambayo kingenunua, na bakteria wa tangi la mbele wanapokea maji wanayoyaweza. Ndiyo maana nasema mtambo wa maji ya sumu huanzia kwenye mabomba ya kiwanda, kabla ya tangi lolote. Mwekezaji anayeonyesha tando mpya zinazometa huku mifereji yote ya kiwanda ikimiminika katika shimo moja hajaanza kazi.

Pingamizi la kwanza watakalolitoa wenye viwanda ni bei, na linastahili hesabu badala ya hasira. Mitambo ya utando ya majitaka ya miji hutumia takriban nusu uniti hadi uniti moja ya umeme kwa kila lita 1,000, zaidi ya mtambo wa kawaida, kwa sababu hewa hupulizwa wakati wote chini ya tando ili kuzisugua zisizibe. Maji ya kiwandani yenye sumu yanaweza kuhitaji zaidi. Ukiongeza osmosisi kinyume na kuchemsha chumvi, mlolongo mzima unaweza kufika uniti 8 hadi 10. Sasa chukua fulana moja ya gramu 200. Kilo moja ya pamba hutumia lita zinazokaribia 100 katika kupaushwa, kutiwa rangi na kusuuzwa, kwa hiyo fulana ile ina lita 20. Kwa hatua ya bayoriakta peke yake, kwa uniti moja kwa kila lita 1,000, ni sehemu 2 za mia za uniti. Tukihesabu uniti kwa shilingi 350 za Tanzania, ni shilingi 7. Kwa mlolongo mzima wa uniti 10, ni shilingi 70. Hesabu hii haina bei ya kujenga, mishahara, kemikali, wala tando mpya zinazohitajika kila baada ya miaka michache hadi 10 kulingana na matunzo. Iongeze mara tatu. Shilingi 210 kwa fulana si kitu kinachoua biashara ya nguo. Kinachoua ni pale mmoja anapolipa shilingi 210 na jirani yake halipi hata senti moja, kwa kuwa mto unampokea bure. Gharama ni tatizo la usawa wa sheria kuliko la teknolojia, na Tiruppur ilithibitisha hilo kwa pande zote mbili: kufunga wote siku moja kuliwezesha mitambo kukarabatiwa, na kufunga mji mmoja pekee kukazihamisha rangi. Kama Kenya, Uganda na Tanzania zitashindania wenye viwanda kwa kulegeza masharti ya maji, mzigo utalipwa na anayekula mchicha.

Sisemi mchicha kwa mfano tu. Bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, hupokea maji kutoka maeneo ya viwanda na pia hulimwa mboga zinazouzwa masokoni, na tafiti za miaka mingi zimekuta madini mazito katika maji, tope na mboga za bonde hilo. Mto Ngong unapita kandokando ya Eneo la Viwanda la Nairobi kabla ya kuungana na mito mingine kuelekea Athi. Mama anayechuma matembele ukingoni hana maabara. Ana macho, na tumeshaona macho yanavyofaa.

Wapo wanaosema mabwawa ya majitaka yanatosha, kama yale ya Vingunguti au ya Dandora kule Ruai: jua ni la bure, hayahitaji tando wala mafundi wengi. Kwa majitaka ya majumbani nakubaliana nao kabisa, na ningesikitika kuona manispaa ikiacha bwawa zuri na kukimbilia mtambo wa kifahari utakaoharibika mwaka wa tatu. Hata machinjio na viwanda vya bia, ambavyo uchafu wake ni mwingi lakini ni chakula halisi cha bakteria, havihitaji utando mara nyingi. Lakini bwawa hutegemea mwani na bakteria wasiochaguliwa, na maji ya kiwanda cha rangi au cha ngozi yakiingia humo huwadhoofisha wote, huzuia mwanga, na kuacha madini chini mahali ambapo siku moja tope litachotwa na kupelekwa shambani kama mbolea. Kutenganisha sumu ya viwanda ndiyo njia ya kuyalinda mabwawa yenyewe.

Umeme unaokatika ni pingamizi zito zaidi. Hewa ikisimama kwa saa nyingi, bakteria wa tangi huanza kufa na tope kunuka. Jenereta ni lazima, na ni lazima pia tangi kubwa la kusawazisha mbele ya mtambo, la kushika maji ya siku nzima ili dozi ya ghafla au giza la saa kadhaa visiharibu kilichojengwa kwa miezi. Hata hivyo utando una tabia moja nzuri. Pampu ya kunyonya ikizimika, maji machafu hayapiti, tofauti na mfereji unaotiririka mchana na usiku. Basi wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye bomba la pembeni, lile linalojengwa kwa ajili ya dharura na baadaye kutumika kila usiku. Ufundi nao unafikika. Utando huoshwa kwa kemikali iliyo jamaa ya jiki ya kufulia, na kwa asidi ile iliyomo ndani ya ndimu, kwa kipimo na ratiba. Fundi aliyesomea VETA au chuo cha ufundi anaweza kuimudu kazi hiyo akifundishwa vizuri na akilipwa vizuri, na akipewa mamlaka ya kusimamisha kiwanda geji inapopanda.

Tope ndilo pingamizi ambalo halina jibu jepesi. Hata baada ya kromi kurudishwa na chumvi kukaushwa, kitabaki kitu, na kitu hicho kinahitaji dampo lenye sakafu isiyovuja, lililo mbali na visima, lenye kumbukumbu ya kila gari lililoingia. Mahali pa namna hiyo ni pachache mno katika nchi zetu. Kuna pia kemikali zisizovunjika, zile za kuzuia maji na mafuta kwenye nguo na makaratasi, ambazo bayoriakta haiziwezi kabisa. Kwa hizo dawa pekee ya maana ni kutoziruhusu kuingia kiwandani. Mpango wa eneo la viwanda usiotaja tope litazikwa wapi haujakamilika, hata ukiwa na michoro mizuri ya matangi.

Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa uchafu unaokula oksijeni, na orodha ya vikomo vya madini. Bayoriakta ya utando hufikia kikomo hicho cha 30 bila shida, na hapo ndipo mkaguzi anaweza kudanganyika bila mtu kusema uongo, kwa sababu kipimo hicho hupima kinacholiwa na bakteria tu. Mkaguzi wa mazingira wa NEMA ya Kenya au NEMC ya Tanzania anayetaka ukweli wa maji ya kiwanda cha rangi apime chumvi na amini, na aweke samaki wadogo au mbegu zinazochipua ndani ya maji hayo kwa siku chache aone kama vinaishi. Kisha aombe karatasi tatu: bili ya umeme ya vipulizo vya hewa, kumbukumbu ya shinikizo la tando kwa miezi 6, na stakabadhi za magari ya tope. Mtambo uliofanya kazi usiku na mchana umekula umeme. Tando zilizopokea maji ya sumu zimepanda shinikizo na kuoshwa, na tarehe zipo. Na kwa kila mwezi wa kutia rangi kuna tani za tope zilizopakiwa kwenye lori, zikapimwa kwenye mizani, zikapokelewa mahali kwa sahihi ya mtu. Mkaguzi akishaisoma sahihi hiyo, alifuate lori mpaka dampo.